Jioni Isiyo na Upepo

Mwezi wa sita ulipoingia, hungempata Annuarite nyumbani jioni hata ungempelekea barua ya kusafiri Kanada. Saa kumi na nusu anafunika cherehani yake pale barazani, anajifunga kitenge, huyoo, anateremka kwenye dambo, ile ardhi ya majimaji bondeni chini ya kambi ya Dzaleka, Malawi, ambako wakimbizi hulima bustani wakati wa kiangazi. Huko anasimama tu. Hapalilii, hamwagilii. Anatazama moshi wa majiko ya watu unakoelekea, anatazama anga, analowesha kidole mate na kukiinua juu kuona kama kuna upepo, kisha anarudi zake. Watu wakasema mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Aliwasikia. Hakukasirika, maana kukasirika nako kunataka moyo, na wake ulikuwa umekufa ganzi, mwaka wa saba huo.

Aliyemtuma kule ni mkwe wake, ingawa mwenyewe hakujua kwamba amemtuma. Anaitwa Gentille, mke wa Alexis, na Alexis ndiye mtoto pekee wa Annuarite. Kijana alikwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, na tangu mwaka juzi simu yake ikawa haipatikani. Wakabaki wanawake wawili na mtoto mmoja, Douce wa miaka minne, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye pazia katikati. Usiku mmoja wa mwezi wa tano Gentille akasema kutoka upande wake wa pazia, bila hata kupandisha sauti:

"Mama, mi nachoka. Kama uyu mwaka tomati zinakufa tena, nabeba mutoto, narudia Uvira kwetu."

Uvira! Watu wanaitoroka wakiwa na godoro kichwani, yeye arudi huko na mtoto mgongoni! Mama mkwe mwingine hapo angepiga magoti, angeita wazee, angalau angelia. Annuarite alijitafuta ndani kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni, asione kitu. Alijua kabisa kwamba wakiondoka hao wawili hatabaki na mtu duniani. Alijua, lakini hakuhisi. Akajibu tu, "Nasikia." Kesho yake akashona mkono wa kushoto wa gauni la mteja upande wa kulia, ikabidi aufumue.

Hilo neno "tena" lina historia yake, nayo ndiyo iliyomchafulia Annuarite jina.

Wengi wa walima bustani wa Dzaleka ni watu wa Uvira na Fizi kule Kongo, watu wa ziwa na joto, wanaojua mihogo na mpunga na mawese. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Zihindula, mtu wa Bukavu, mzee wa kanisa, msomi wa kalamu mfukoni. Yeye aliwafundisha kwamba baridi huletwa na upepo. Basi kila alipoona miti inatikisika jioni, alikwenda kupiga kengele ya kanisa, ile jante, ringi ya chuma ya gurudumu la lori inayoning'inia kwenye nguzo, ambayo hupigwa kwa ibada, hupigwa kwa msiba, na sasa ikapigwa kwa baridi pia. Watu wakaisikia wakashuka mbio na magunia na majani makavu kufunika nyanya. Jioni ikiwa tulivu, anga safi, nyota zimejaa tele, hakupiga. Watu walilala wakimshukuru Mungu kwa hali nzuri.

Mwaka uliotangulia, mwezi huohuo wa sita, walilala jioni moja tulivu namna hiyo. Asubuhi wakakuta bonde zima jeupe pe. Jua lilipopanda weupe ukayeyuka, na majani ya nyanya yakawa meusi, yametepeta kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto.

Haya, mwambie mtu wa ziwani kwamba baridi inaunguza, uone kama atakubali. Wakasema kuna mtu kapita usiku na sufuria ya maji ya moto. Bustani ya Gentille, iliyokuwa chini kabisa bondeni, iliteketea yote. Ya Annuarite, jirani yake lakini juu kidogo kwenye mwinuko, ilipona nusu. Hapo sasa ikawa kesi. Kwa nini ya mama mkwe ipone na ya mkwe iungue? Gentille akasimama mbele ya watu wote, mikono kiunoni, akasema:

"Muntu mwenye hakulilia bwana yake, atashindwa kumwanga maji ya moto?"

Kwamba hakumlilia mumewe lilikuwa jambo la kweli, na kambi nzima ililijua. Adolphe, mume wa Annuarite, aliuawa alfajiri moja kule kwao, watu wenye bunduki walipoingia kijijini. Hakuzikwa mbele ya mkewe. Matanga hayakukaliwa. Annuarite alikimbia na mwanawe, akavuka mipaka, akafika Malawi macho makavu, na yalibaki makavu. Kwao mwanamke asiyelilia mumewe ama ni mchawi ama ana lake jambo. Naye hakujitetea, si kwa hilo wala kwa habari ya maji ya moto. Tangu siku ile Gentille akamkataza kukanyaga bustani yake. Walipika chungu kimoja, wakala sahani moja, lakini kule bondeni kulikuwa na mpaka.

Sasa, siku chache baada ya yale maneno ya pazia, Annuarite alipata kibali cha kutoka kambini akaenda Lilongwe, mtaa wa Chinsapo, kupeleka sare za shule alizomshonea mwenye duka mmoja. Kando ya barabara alikuta mwanamke Mmalawi ameketi katikati ya makopo ya miche, kabichi huku, nyanya kule, mengine kayafunika kwa kitambaa. Jina lake Amanda. Annuarite akamwuliza, kwa Kichewa chake cha kubahatisha, yeye hufunikaje miche upepo wa baridi unapovuma.

Amanda alicheka hadi akashika mbavu. "Unafunika siku ya upepo, mayi? Upepo ndiye rafiki yako! Upepo unakoroga hewa, baridi haipati pa kukaa. Chisanu chenyewe, ile baridi ya kugandisha umande, hakiji na upepo. Kinakuja siku mbingu ziko wazi, wingu hakuna, upepo umekufa, kila kitu kimenyamaza. Hapo baridi inateremka kama maji, inajaa mabondeni. Aliye chini kabisa ndiye anayezama."

Kila kitu kimenyamaza. Annuarite aliketi pale pale kwenye vumbi na furushi lake. Jioni ya namna hiyo alikuwa anaijua. Aliijua kabla hajalima hata nyanya moja, na aliijua vizuri kuliko Amanda. Kwa hiyo hakuuliza swali la pili, wala hakutaka ushahidi. Wapo watu ambao ungehitaji kuwaeleza mwaka mzima kwamba utulivu unaua. Huyu ilitosha mara moja.

Wakapatana. Amanda husikiliza taarifa ya hali ya hewa redioni kila siku, maana miche ndiyo mkate wake. Akisikia kuna hatari, atambipa Annuarite kwa simu na kukata, vocha isiliwe bure. Bipu moja, kaa macho. Bipu mbili, funika. Akamfundisha pia kusimamisha mabua ya mahindi ili kifuniko kisiguse majani, na kutofunua mpaka jua limekolea. "Na wewe tazama moshi," akamwambia. "Ukipanda kidogo ukalala kama paa juu ya bonde, usingoje hata simu yangu."

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Zihindula. Mzee alimsikiliza kwa heshima, kofia magotini, kisha akatabasamu lile tabasamu la walimu.

"Mama Alexis, mi nilifundisha géographie miaka makumi mbili na ine. Baridi inatoka kwa mulima, inaletwa na upepo. Muuzaji wa miche wa Chinsapo njo atanifundisha?"

Hakuwa mtu mbaya, jamani, tusimwonee. Alikuwa amefundisha jambo moja muda mrefu mno, basi. Kwa Gentille, Annuarite hakufika hata katikati ya maneno. Aliposema tu "bustani yako", mkwe akageukia chungu chake. Ndipo alipoanza kushuka bondeni peke yake kila jioni, kutazama moshi.

Wiki mbili za kwanza Amanda alibipa mara tatu, bipu moja moja, na umande ukabaki umande. Kisha ikaja wiki ya upepo. Jumanne Zihindula akapiga jante, watu wakafunika. Jumatano akapiga tena, wakafunika tena, wakakesha wanalaani na kukohoa. Alhamisi alasiri upepo ukafa ghafla. Mawingu yakaondoka yote, anga ikabaki bluu tupu. Watu walifurahi sana! Zihindula akawaambia wafunue nyanya zipumue, na magunia wayapeleke nyumbani kukauka.

Saa kumi na moja Annuarite alikuwa amesimama kwenye tuta. Simu ikalia mara moja mfukoni, ikakata. Akangoja. Mbele yake moshi wa majiko ulipanda kidogo, ukasita, ukalala juu ya bonde wala usiende popote. Simu ikalia mara ya pili.

Alipanda mlima hadi kwa Zihindula akaomba jante ipigwe. Mzee akamtoa nje, akamwonyesha juu kwa kidole.

"Angalia mbingu, mama. Iyi njo baraka yenyewe. Bantu balichoka, mi siwaamushe bure. Kengele ya Mungu haipigwe bure."

Angeweza kubishana. Mtu mwenye hasira angeishika nyundo mwenyewe akapiga. Yeye alisema "Asante, Mwalimu," akaondoka, kwa sababu ndani mwake hakukuwa na kitu cha kubishania. Lakini miguu ilimpeleka nyumbani haraka kuliko siku zote, nayo hakuituma.

Gentille alikuwa anasonga bugali, Douce amekaa karibu yake.

"Gentille, twende tufunike bustani yako."

"Bustani yangu usiiguse. Nilikuambia."

"Leo itakufa."

"Inje hakuna hata upepo! Nani ataiua?" Gentille akamtazama usoni kwa mwiko mkononi. "We njo utaiua?"

Annuarite alikaa kwenye kigoda. Akaanza kusema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata Alexis, na alilisema kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Ile siku magaribi, jirani alikuja kwetu. Alisema: mukimbie, kesho asubui batafika. Adolphe akatoka inje. Aliangalia mbingu, nyota zote ziko pale, hakuna upepo, hata imbwa hailie. Akaniambia: Mama Alexis, kuko kimya, tulale, tutaenda kesho. Na mi nilisikia mu mwili kama ile kimya iko mubaya. Nilisikia, Gentille. Hakuna mwenye aliniambia, nilisikia mi mwenyewe. Lakini nilinyamaza. Bwana yangu alisema tulale, mi njo nilimutandikia kitanda."

Bugali ulikuwa unaungua. Hakuna aliyeugeuza.

"Leo kuko vilevile," Annuarite akasema. "Unitukane, unifukuze, nitakubali. Lakini sinyamaze tena."

Gentille aliipua chungu akakiweka chini. Alimtazama mama mkwe wake kwa muda, yale macho makavu aliyokuwa ameyachukia mwaka mzima, kisha akauliza, "Tutafunika na nini?"

Magunia manne ndiyo yaliyokuwepo. Wakachukua blanketi zao mbili, shuka ya Douce, chandarua, na vitenge vyote isipokuwa walivyovaa. Walipoona bado havitoshi, Gentille akapanda juu ya ndoo akalivuta chini pazia la katikati ya nyumba. Njiani alipiga kelele mlango kwa mlango, maana Gentille ana koo: "Mufunike! Mama anasema mufunike!" Watu wanne watano wakatoka na magunia yao mabichi. Wengine walicheka, wakauliza tangu lini mchawi anatangaza safari yake. Gentille aliwatukana wote kwa pamoja, akaendelea kushuka.

Wakasimamisha mabua, wakatandaza nguo juu yake, mstari kwa mstari, mpaka giza likaanza kuingia. Mstari wa mwisho wa bustani ya Gentille ulikula kitenge cha mwisho. Upande wa pili wa mpaka bustani ya Annuarite ilibaki wazi.

"Na yako?" Gentille akauliza.

"Iko juu. Mwaka jana ilipona nusu. Twende."

Walilala watatu mkeka mmoja, mtoto katikati, nyumba ikiwa chumba kimoja. Baridi ilipita chini ya mlango ikawakuta. Gentille alimwona mama mkwe amekaza macho kwenye bati usiku kucha, hasemi, hatetemeki.

Asubuhi bonde lilikuwa jeupe kuliko mwaka jana. Nyasi zilivunjika chini ya miguu. Safari hii baridi ilikuwa imejaa bonde hadi juu ya mwinuko, na walioko juu hawakusalimika. Zihindula alikuwa amesimama katikati ya mistari yake, kofia mkononi, na jua lilipokolea nyanya zake zikaanza kulainika na kuwa nyeusi mbele ya macho yake. Alishika jani moja, akaligeuza, akaligeuza tena. Alipomwona Annuarite akalichuma lile jani.

Waliokuwa wamefunika walifunua polepole. Gentille aliinua pazia lililokakamaa, akachungulia, akapiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani. Kijani! Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano, majani yamesimama, na vinyanya vidogo vimeng'ang'ania mashina. Akageuka kumwita mama mkwe. Annuarite alikuwa amekwisha maliza kufunua mistari ya upande wa pili wa bustani hiyo, mikono mitupu kwenye barafu, na sasa alikuwa amesimama katika bustani yake mwenyewe. Haukupona hata mche mmoja. Alikuwa akiitazama bila kukunja uso, na vidole vyake vilikuwa vyeupe.

"Mama, mikono yako!"

"Siisikie," alisema Annuarite. "Haina neno."

Gentille alimvuta hadi nyumbani, akawasha mbabula, lile jiko la bati, akaishika ile mikono miwili juu ya makaa akiisugua. Kwa muda haikuwa kitu. Kisha damu ikaanza kurudi kwenye vidole. Aliyewahi kugandishwa na baridi anajua: kuganda hakuumi, kinachouma ni kupona. Annuarite alishtuka akataka kuiondoa mikono. Gentille hakuiachia.

"Mi siendi fasi, Mama," akasema. "Usikie. Mi na Douce, hatuendi Uvira, hatuendi fasi."

"Inauma," Annuarite akasema.

"Inauma wapi?"

"Inauma, Gentille. Inauma! Nilimutandikia kitanda!"

Kilio kilimtoka hapo, kilio cha matanga kabisa, cha kwao, chenye jina la marehemu ndani yake. Adolphe wee! Adolphe baba Alexis, uliniachia nani! Miaka saba yote ilitoka kwa mkupuo, ikamwangusha chini. Gentille alimshika mabegani kama mfiwa anavyoshikwa, naye akalia.

Majirani walikuja mbio, wengine na matope miguuni. Kila mmoja aliuliza mlangoni, nani amekufa?

"Papa Adolphe," Gentille akawajibu. "Baba mukwe wangu."

"Ule bwana yake? Si alikufa zamani?"

"Alikufa. Leo njo tunamulilia."

Wakatazamana. Kisha mama mmoja akaingia ndani akakaa chini, akashika miguu ya Annuarite. Mwingine akaenda kuleta mikeka, mwingine maji. Zihindula alifika wa mwisho, bado ameshika lile jani jeusi. Alisimama mlangoni akisikiliza jina la mtu ambaye hakuwahi kumjua. Aliondoka, akaenda hadi kwenye nguzo ya kanisa, akachukua nyundo, akaipiga jante polepole, kama inavyopigwa kwa maiti. Kule bondeni watu walisimama wakasikiliza. Wakaacha bustani zao, zilizopona na zilizoungua, wakaanza kupanda kuja kwenye kilio cha Adolphe.